Vigae Kumi na Vinne

Kuna watu ukiwaambia hawajui kuimba watacheka, ukiwaambia hawajui kupika watakubali. Lakini mwambie seremala aliyeshika msumeno miaka thelathini na minane kwamba hajui kukata, utajuta ulifungua mdomo wa nini. Mkwe wake alijaribu, kwa simu, tena kwa adabu zote.

"Baba, plastiki siyo mbao. Muuzaji anasema uweke diski ya meno machache, halafu usukume polepole. Ya meno mengi inayeyusha."

"Nimekusikia," alisema seremala, akakata simu.

Kusikia alisikia. Kufuata ndiyo habari nyingine. Yule kijana kazi yake ni kuuza bima, msumeno kauona kwenye picha, leo anamfundisha baba mkwe meno ya diski.

Ilikuwa saa tisa alasiri, na gari lingefika kesho yake saa nne asubuhi. Ndani yake angekuwemo mke wa seremala, anatoka hospitali na nyonga iliyoungwa kwa vyuma, na kiti cha magurudumu cha kumbeba siku zote. Vyumba vya kulala viko juu, na ngazi ndiyo basi tena. Chini mlikuwa na jiko, sebule ya kupitana kwa ubavu, na gereji. Gereji ndiyo ingekuwa chumba chake, ila saruji ya sakafu ilikuwa imebomoka, mashimo ya kumeza gurudumu. Hapo ndipo vilipoingia vigae vya plastiki, vya kupachikana kimoja kwa kimoja juu ya saruji mbovu.

Binti yao alikuwa ameshasema kinagaubaga. "Baba, tukifika chumba hakijakamilika, nageuza gari naenda na mama kwangu. Tena siyo kwa wiki moja. Ataishi huko."

Kwa binti ni mwendo wa saa sita kwa gari. Seremala alijibu kwamba chumba kitakuwa tayari na hataki msaada wa mtu. Binti hakuamini, na haki alikuwa nayo. Kinyozi hajinyoi: makabati ya jiko la nyumba hiyo yalikuwa na mwaka wa tisa yanasubiri milango, na aliyeyatengeneza ndiye huyu aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa.

Sakafu yote alishaipanga kuanzia ukuta wa kushoto. Lilibaki pengo moja refu kando ya ukuta wa kulia, upana wake sentimita ishirini na tano, na upande huo ndiko uliko mlango wa choo. Kigae kizima kina sentimita arobaini, kwa hiyo ilibidi kukata. Vilihitajika vipande kumi na viwili. Vigae alibaki navyo kumi na vinne, na dukani vilikuwa vimekwisha.

Akafunga diski yake nzuri kuliko zote, ya meno themanini, ile ya milango ya makabati. Meno mengi, mkato safi, hiyo ndiyo sheria aliyorithi kwa mwalimu wake. Akabonyeza. Msumeno ukalia, harufu kali ikapanda, na nyuma ya diski plastiki ikawa inayeyuka na kujifunga tena, kama haijakatwa. Alipokitoa kigae kilikuwa na kovu limevimba katikati na ndevu za plastiki pande zote.

Akasema labda amesukuma taratibu mno. Cha pili akakisukuma kwa nguvu. Diski ikanasa, kigae kikaruka, kikagonga ukuta na kuvunjika pembe. Vya akiba vyote viwili kwisha kazi.

Akakaa juu ya ndoo akiwa na hasira za kumtosha yeye na jirani. Alilaani vigae, akalaani aliyebuni vigae, akamlaani na muuza bima, ingawa huyo alijua fika hana kosa. Mwisho akainuka, akachungulia nje kana kwamba kuna mtu anayemtazama, akatungua msumarini diski kuukuu ya meno ishirini na manne, ya kukatia mbao za jukwaa.

Safari hii alikwenda kwa utulivu. Alama aliitia juu, usoni mwa kigae, kisha akakigeuza kifudifudi kama afanyavyo kila seremala, kwa sababu msumeno wa diski wa kushikwa mkononi unauma kuanzia chini kwenda juu, na upande wa juu ndio unaochanika. Akabandika utepe wa karatasi pale pa kukata. Akakaza kipande cha mbao pembeni kiwe kizuizi, ili asipime tena na tena. Akasukuma polepole. Ukingo ukatoka safi, ukipitisha kidole hukwami popote.

Akakata vyote kumi na viwili bila kupumzika, akavipiga msasa, akavipanga ukutani. Alikuwa amechoka kweli, lakini kitanda nacho akakiunganisha, akakiweka katikati ya chumba. Kupachika, alisema, ni kazi ya dakika kumi asubuhi. Akaenda kulala na moyo mweupe.

Asubuhi saa tatu akachukua kipande cha kwanza, akakisogeza kwenye pengo. Hakikuingia. Akachukua cha pili, nacho hivyo hivyo. Akapiga magoti, akavaa miwani, na hapo akaona kosa lake.

Kila kigae kina vitanzi upande mmoja na vifungo upande wa pili, na kifungo ndicho kinachoingia kwenye kitanzi cha jirani. Kule kulia sakafu ilikuwa imetoa vitanzi, inasubiri vifungo. Na vipande vyake vyote vilikuwa na vitanzi. Vifungo vilikuwa kwenye rundo la takataka, kwenye mabaki membamba ya sentimita kumi na tano. Alitia alama usoni, akageuza, kushoto kukawa kulia, kizuizi kikamsaidia kukosea mara kumi na mbili bila kupotea hata milimita moja.

Akajaribu yale mabaki. Yalishika vizuri, ila yaliacha mfereji wa sentimita kumi mbele ya mlango wa choo. Akajaribu kupindua vipande, zile mbavu za upande wa chini zikatazama juu. Akavipiga kwa nyundo ya mpira, vikamrukia. Saa nne kasoro akasikia gari.

Binti akaingia kwanza, akalitazama lile pengo. "Baba," alisema, taratibu, kwa sauti anayosema nayo na watoto. Seremala angependelea kufokewa. Mkwe aliiona diski ya meno ishirini na manne kwenye msumeno, akaona na vigae viwili vilivyoharibika, akaviokota na kuviweka kando. Huko kuviokota nako kulikuwa na makali yake.

"Nipe mpaka saa sita," alisema seremala.

"Tulikubaliana, baba. Gurudumu likinasa hapo usiku, nani atamwinua? Wewe na mgongo huo?"

Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, mkoba mapajani. "Kwani imekuwaje, baba watoto?"

Alitaka kusema vigae vibovu. Neno lilishafika ulimini. "Nimekosea mimi," alisema. "Nimekata upande wa vifungo nikautupa. Vyote."

"Nipe kimoja."

Mama alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Akakishika kipande, akakitazama usoni, akakigeuza, akakitazama mgongoni. "Alama umetia usoni, mkasi umepitisha mgongoni."

"Ndiyo."

"Wanafunzi wangu wakikata hivyo wanapata shati la mikono miwili ya kushoto."

Seremala akakuna kidevu. "Na wewe huwa unafanyaje?" Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza jambo la kazi.

"Kitambaa hakirudi. Nautafutia huo mkono bega lake." Akanyoosha kidole ukuta wa kushoto. "Sakafu pale imeishia na nini? Vitanzi au vifungo?"

Seremala akageuka. Akainama kuchungulia ukingoni. "Vifungo."

"Basi isukumeni yote ije huku kulia, pengo lihamie kule. Nanyi wawili, vueni hivyo viatu, msaidieni baba yenu."

Kitanda kikatolewa. Baba, binti na mkwe wakapiga magoti wakaisukuma sakafu nzima, ikateleza huku ikikoroma juu ya saruji mpaka ikagusa ukuta wa choo. Kisha vipande vikaingia kushoto, kimoja kimoja, kwa kubonyeza kwa kiganja tu. Cha kumi na mbili kilipoingia seremala hakujua afurahi au ajifiche.

Binti akakisukuma kiti mpaka mlango wa choo, akakizungusha, akakirudisha. Hakikunasa. Bado hakuridhika. "Mama, mimi nasema twende kwangu. Umeona mwenyewe mambo ya hapa."

"Nimeona," alisema mama. "Leteni mizigo yangu ndani. Mtu anayekata mikono kumi na miwili ya kushoto, huyo haachwi peke yake."

Seremala akatoka kwenda kwenye gari, akaibeba ile mizigo yeye mwenyewe.