Mstari wa Kupoa

Mtoto alianza kulia wakati mwanangu ameinamia kikombe.

Niliwaona wote wawili kwa mpigo: mjukuu mikononi mwangu, uso umekunjamana kama wa mtu anayemeza dawa chungu, na mama yake ng'ambo ya dirisha la maabara, kipimajoto mkononi, kikombe cha plastiki kimezungushiwa pamba kama kidonda. Mwanangu akageuka. Kidogo tu, kama mtu aliyeitwa barabarani. Alipoyarudisha macho kwenye kipimajoto, mabega yakamshuka.

Nikajua pameharibika kitu. Kitu gani, sikujua. Shule yangu iliishia msingi.

Msimamizi akaja dirishani. "Bibi, msogeze huyo. Watu wako kwenye mtihani."

"Namsogeza, baba. Shida ni sauti, yenyewe haisogei."

Tulimwita Honi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nikampeleka nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi la maji, nikamtegea vitendawili, maana ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo. "Kitendawili." Akalia; nikahesabu kwamba amesema tega. "Hana hata jino moja, na anamla mama yake." Akazidi. Nikamwomba mji, hakuwa nao, basi nikajijibu mwenyewe: "Ni wewe." Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Sikuthubutu kukaa, kwa sababu nikikaa tu, anajua.

Mwanangu aliacha shule ili aniuguze. Nilipopona alikuwa ameshakuwa mfuaji wa shuka hospitalini, na baadaye mke wa mtu. Lakini kila alipopita na toroli lake mbele ya maabara ya pale, alipunguza mwendo. Watu wa maabara wakamwambia wazi: bila kufaulu kemia, utabaki na shuka zako. Akarudi kwenye vitabu. Alishaanguka katika mtihani ule wa vitendo, na mumewe, mtu mpole kabisa, akasema safari hii iwe ya mwisho, wote tumechoka. Sikumbishia. Alisema kweli.

Alikuwa ananieleza jikoni huku anapepesuka kwa usingizi wa zamu. Asidi na besi zikikutana, mama, kila moja inaumaliza ukali wa mwenzake, na hapo joto linatoka. Kazi yetu ni kulipima. Tukajaribu kwa siki na ile soda ya kuumulia keki. Povu likapanda, likamwagika mezani.

"Shika kikombe, mama."

Nikashika. "Mbona kimepoa?"

Akashika na yeye. Akanitazama, mimi nikamtazama, tukaangua kicheko hadi Honi akaamka. Baadaye alisoma kwamba soda ile ndivyo ilivyo, yenyewe hupoza. Lakini usiku ule, cheko lilipokwisha, aliniambia, "Hata joto linanikimbia."

Alifaulu, niseme mapema nisiwaweke roho juu. Si kwa alama za kutangazia majirani, ila alifaulu. Leo ndiye anayepima damu za watu katika hospitali ile ile, na shuka zinafuliwa na wengine. Lakini ninachokikumbuka mimi si siku ya matokeo. Ni pale alipotoka mlangoni, blauzi imelowa maziwa mbele, akaja moja kwa moja kwenye benchi la nje nilikorudi kumsubiri, akakaa, akampokea Honi, akamweka kifuani. Kimya kikashuka, kitamu kama maji.

"Nimelipoteza, mama."

"Umepoteza nini?"

"Joto. Nilichanganya, likaanza kupanda, mtoto akalia. Nikageuka. Kurudi, linashuka. Ile namba ya juu kabisa sikuiona."

"Si ungechanganya tena?"

"Kemikali tunapewa za mara moja tu." Alikuwa amefumba macho. "Dada aliyekaa karibu yangu akanisogezea karatasi yake, ninakili. Nikaiona. Nikaangalia pembeni."

Nilitaka kumuuliza kwa nini, na aibu ikanizuia.

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikaendelea kulisoma linavyoshuka. Kila nusu dakika naandika, naandika, wenzangu wanaosha vyombo. Halafu nikachora. Ule mstari wa kupoa, ukiuwekea rula ukaurudisha nyuma, unafika mpaka pale asidi na besi zilipokutana. Unakuonyesha joto lingefika wapi."

"Na wao wanakubali hivyo?"

"Kitabu kinakubali. Wao sijui."

Nikakaa kando yake. "Yaani moto hukuuona, ila kwa kuuangalia unavyozimika unasema ulikuwa mkubwa kiasi gani. Kitendawili hicho."

"Si kitendawili, mama. Ni grafu."

Akacheka kwa pua, na cheko halikufika mwisho. Alikuwa amelala. Amekaa wima, mkono bado umekishika kichwa cha mtoto, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala utotoni kabla sijaumwa. Nilisogea nikauweka bega langu chini ya kichwa chake. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

Msimamizi akatoka na funguo. "Bibi, tunafunga."

"Amelala," nikamwambia.

Akamtazama mwanangu, akaitazama ile blauzi, akaondoa macho haraka. Akaziangalia funguo mkononi mwake kana kwamba ndizo zilizomuuliza swali.

"Basi ngoja nianze na madirisha ya upande ule," akasema, akaenda taratibu.