Spika Moja, Watu Themanini

Kosa la Wanjiku lilikuwa kuuliza. Angejichagulia nyimbo zake akazipiga, watu wangenung'unika jioni moja, kisha wangekwenda zao. Lakini yeye ni muuguzi, amezoea kumwuliza mgonjwa panapouma kabla ya kumgusa. Basi Jumatatu moja ya Oktoba akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Jamani, sherehe ya Halloween ya watoto ni tarehe thelathini na moja, saa kumi na moja jioni, pale ukumbini. Mnataka muziki gani?"

Akaweka simu kabatini, akaingia zamu. Alipotoka alikuta ujumbe mia mbili na kumi na sita.

Nyumba zile za Haltom City zilikuwa za ghorofa mbili, zimelizunguka bwawa la kuogelea ambalo halijatiwa maji miaka mitatu. Walikaa humo Wakenya, Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi, familia chache za Unguja, na watu wengine wa kila pembe. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na wiki ile kiliwaunganisha wapate kugombana vizuri.

Khalfan, dereva wa lori aliyekuwa akienda Houston na kurudi mara tatu kwa wiki, alituma sauti ya dakika saba. Tano za mwanzo alieleza kwamba Halloween ni mambo ya mashetani na Muislamu hana haja nayo. Mbili za mwisho alieleza kwamba, maadamu itafanywa, basi ipigwe taarabu, ile ya zamani yenye fidla na ganuni, "si hizi kelele za kutikisa matumbo, dada'angu."

Zoé, Mkongo wa mlango wa pili, fundi wa kusuka nywele, alituma rumba arobaini, na hakuna hata moja iliyopungua dakika tisa. Chini yake akaandika: "Muziki bila gitare ni kilio."

Kiprop, shemasi wa kanisa, aliandika kwa herufi kubwa tupu kwamba ziwe nyimbo za injili ama asiwalete watoto wake. Na Yumna, binti wa Khalfan mwenye miaka kumi na minne, akajibu kwa Kiingereza, kwa niaba ya watoto wote, kwamba nyimbo zote hizo ni za wazee na kwamba siku ile watu huenda kuogopeshwa, si kuombewa.

Wanjiku alisoma yote ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali, miguu ikimuwaka moto. Halafu akafanya alichofundishwa kufanya wagonjwa wanapokuwa wengi kuliko vitanda. Akapanga ratiba. Kila mmoja nusu saa, watoto dakika kumi za vitisho vyao, basi.

Alidhani amemaliza. Kiprop akasema hawezi kufuata baada ya Zoé, kwa sababu watu watakuwa wameshakata viuno na nyimbo za Mungu hazitawaingia. Zoé akasema yeye hawezi kuwa wa kwanza, watu wanakuwa bado baridi. Ikabaki Khalfan, na Khalfan alipigiwa simu akiwa njiani anatoka Houston.

"Kaka Khalfan, nimekuweka saa kumi na moja kamili."

"Ah, dada, saa hiyo watu si wanakula?"

"Ndiyo vizuri. Taarabu na chakula."

"Taarabu si ya kutafunia, dada Wanjiku. Taarabu inasikilizwa."

"Sawa. Saa kumi na mbili na nusu?"

"Hiyo Magharibi hiyo. Unanitoa kwenye sala?"

"Basi baada ya Magharibi."

"Baada ya Magharibi si umempa yule bibie Mkongo? Sasa mie nipige udi, yeye akija afumue ukumbi mzima, nani atanikumbuka?"

Wanjiku alifumba macho. Alikuwa amesimama jikoni, ugali unaungua. "Kaka Khalfan," akasema polepole, "wewe si ulisema ni sikukuu ya mashetani?"

"Ndiyo. Kwa hivyo wasikilize kitu cha maana."

Siku ilifika, Ijumaa. Wanjiku alitoka kazini moja kwa moja, hakupata hata muda wa kubadilisha nguo. Mtoto mmoja aliyevaa mabawa ya popo alimsifu kwamba vazi lake la muuguzi linafanana kabisa na la kweli. Alishukuru, akaendelea kupanga vitumbua mezani.

Spika ilikuwa moja, ya ukumbi, na ilikuwa na tabia mbaya: ilikubali simu yoyote iliyoikaribia. Khalfan, aliyekubali shingo upande kuwa wa kwanza, alianza, fidla ikapanda taratibu, watu wakaanza kutikisa vichwa. Zoé akapita karibu na spika, eti anatafuta maji, na gitaa likamrukia mwimbaji wa taarabu katikati ya neno. Khalfan akairudisha. Kiprop akapita naye anatafuta leso, na kwaya ya watu hamsini ikaanza kuwaonya watu wa Haltom City juu ya siku ya mwisho. Ndani ya robo saa ukumbi ulisikia udi, gitaa, haleluya, udi tena, na mtu fulani akipigiwa simu na benki yake. Wanjiku alisimama mbele ya spika amenyoosha mikono kama mlinda lango.

"Hakuna kupita hapa!" alisema. "Mwenye kiu anywe nje!"

Ili wakubwa wapate kupoa, akatangaza zamu ya watoto. Yumna akaja mbio, shuka jeupe limemfunika mpaka magotini, akaweka simu yake. Taa zikapunguzwa. Mlango ulilia kwenye spika, minyororo ikaburutwa, watoto wakapiga kelele za furaha. Halafu buti. Buti nyingi za wanaume, zinakuja. Halafu mlango ukagongwa kwa kitako cha kitu kizito, na mwanamke akapiga yowe.

Karibu na ukuta alikuwa ameketi Koko Matumaini, yaani Bibi Matumaini, mama yake Zoé, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyefika Texas kutoka kambini miaka miwili iliyopita. Hakuna aliyemwona akiinuka. Wanjiku aliona kitenge tu kinapita, kisha meza ya vitumbua ikayumba, na Koko alikuwa amewakamata watoto wawili waliokuwa karibu, si wake, wala hakuwajua, akawasukuma chini ya meza na kuwalalia.

"Mulale!" aliwaambia. "Musilie. Mulale!"

Wanjiku akaichomoa spika ukutani kwa nguvu zote. Taa zikawashwa. Akapiga magoti, akaingia chini ya kitambaa cha meza. Mkono wa Koko ulikuwa umemfunika mtoto mmoja mdomo. Mapigo yake ya moyo yalionekana shingoni bila kuguswa.

"Koko, ni mimi, Wanjiku. Hakuna mtu mlangoni."

"Banagonga."

"Hapana, Koko. Ilikuwa simu. Ni mchezo wa watoto."

Bibi aliinua pindo la kitambaa, akachungulia mlangoni. "Simu inalia sawa muntu?"

"Ndiyo. Watoto wa hapa wanapenda kuogopa."

Koko aliondoa mkono mdomoni mwa yule mtoto, akamtazama mabawa yake ya popo. "Njo kusema habayaogopaka bado," akasema. Hawajawahi kuogopa kweli, basi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemhesabia mwingine bahati yake.

Walipomtoa na kumkalisha, Yumna alikuwa analia ndani ya shuka. Na hapo ndipo wakubwa walipoanza. Kiprop akasema yeye alionya tangu mwanzo. Khalfan akasema angepewa saa yake kamili haya yasingetokea. Zoé akamgeukia Khalfan, akamwuliza ni binti wa nani aliyeleta zile buti, na Khalfan naye akauliza ni mama wa nani aliyeachwa peke yake ukutani.

"Nyamazeni!" Wanjiku alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Wiki tatu! Wiki tatu mnanivuta huku na huku kama mbuzi wa mnadani! Ujumbe mia mbili na kumi na sita, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza huyu mama anataka kusikia nini! Hata mimi!"

Aibu ikawapata wote, na Wanjiku wa kwanza.

"Mbona ngoma imekufa?" Koko aliuliza. Alikuwa ameshapewa maji. "Mulilipa ukumbi mukae sawa kwenye matanga?"

Zoé akachuchumaa mbele yake. "Mama, unataka tupige nini? Sema."

"Ile ya Rodney."

"Rodney nani?"

Rodney alikuwa dereva wa basi dogo lililowapeleka Koko na wenzake kwenye kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Kila asubuhi, alieleza Koko, mzungu huyo hupiga muziki wa wanaume wanaolia na gitaa, mmoja ameachwa na mke, mwingine amefiwa na mbwa. Haelewi neno. Lakini zinamtuliza. Akaimba kidogo, bila maneno.

Wanjiku aliujua muziki ule kabla Koko hajamaliza. Nyumbani kwao Nyahururu, kila Jumapili mchana, baba yake aliuweka redioni akiwa anapiga viatu rangi. Yeye mwenyewe alikuwa nao ndani ya simu, nyimbo sitini na zaidi za wachunga ng'ombe wa Texas, na alizisikiliza garini madirisha yakiwa yamefungwa, maana Wakenya wenzake wa hospitalini wangemcheka. Wiki tatu alikuwa ameuliza kila mtu, lakini nafsi yake hakuipa hata nusu saa.

Akachomeka spika. Gitaa la chuma likajikunja polepole hewani.

Koko akasimama. Akamvuta Yumna kwa pembe ya shuka, akamfuta machozi kwa shuka hilohilo, na wawili hao wakaanza kuzunguka, mguu huku, mguu kule, bila haraka. Watoto wakawafuata. Kiprop alisimama kando, midomo yake ikicheza. Alikuwa anayajua maneno yote.

"Sasa huu muziki gani, dada?" Khalfan alimnong'oneza. "Muziki wa ng'ombe? Basi baada ya huu, mie nina kitu kimoja kifupi tu, dakika kumi na mbili..."

Wanjiku alichukua kitumbua, akaketi mbele ya spika, akavua viatu. Akatafuna, akaongeza sauti ya spika.