Walafi wa Fundi Betri

Miaka minane fundi betri hakuwahi kusikia neno hata moja la mama mkwe wake lililomlenga yeye. Kosa lake? Siku ya kwenda kuposa alivaa suruali iliyoliwa na asidi magotini, akidhani koti refu litamsitiri. Alipoketi, koti likafunguka. Tangu hapo mama akiwa na jambo humpitishia binti yake: mwambie mumeo hivi, mwambie mumeo vile. Jamani, na wamekaa meza moja! Fundi ilimuuma, tena sana, maana mama yake mzazi alikwisha kufariki, naye alitamani kumpata huyu.

Sasa mama alikuwa amekuja kukaa nao, mara binti akaitwa semina ya siku tatu. Nyumbani wakabaki watu wawili na mimea sita.

Mimea yenyewe, makubwa. Ilikaa kwenye vikopo dirishani pa jikoni, majani yamejaa vinyweleo vyekundu, kila kimoja na tone la ute linalong'aa kama umande. Inzi mdogo akitua, ananata. Jani linamkunja polepole, na habari yake imekwisha. Mke wa fundi aliiita walafi.

Asubuhi ya kwanza mama alisimama dirishani akawaambia walafi wamjulishe mwenye nyumba kwamba chai iko mezani. Fundi naye si mjinga, akawaomba wamfikishie mama shukrani. Siku mbili mambo yakaenda hivyo, hata chumvi iliombwa kwa kupitia dirishani.

Siku ya tatu fundi alikuwa amechelewa kwenda kazini. Akiwa mlangoni akawatangazia walafi kwa sauti kwamba leo mama atawapa maji ya betri, chupa iko chini ya sinki. Hakuona ubaya. Maji ya bomba yana chumvichumvi inayowaua, kwa hiyo siku zote aliwanywesha yale maji safi ya kuongezea kwenye betri. Tatizo ni kwamba watu wengi, mama akiwemo, hata asidi huiita maji ya betri.

Saa nne mama akafika karakanani kwa fundi, kikopo kimoja kifuani, chupa mkononi. Wateja wakampisha. Akamkazia fundi macho.

"Wewe una moyo wa namna gani? Viumbe tunaishi navyo vizuri, halafu unataka niviue kwa mkono wangu?"

Fundi alipigwa na butwaa, si kwa kugombezwa, bali kwa kuambiwa yeye. Akaeleza kwamba asidi iko kwenye dumu lile lenye alama nyekundu na haijawahi kufika nyumbani. Haya ni maji tu. Mama akasema asimfanye mtoto, magoti yale aliyaona kwa macho yake. Kuona maneno hayasaidii, fundi akaichukua chupa, akafungua kizibo, akapiga funda kubwa.

Mama alitupa kikopo juu ya benchi, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Tema, mwanangu. Tema upesi, nitamwambia nini mke wako?"

Fundi alikuwa ameshameza. Hata hivyo aliinama akatema mate, kisha akabaki ameinama vilevile, ili aambiwe tena.