Maame Pokuwa Darasani

Araba Eshun alipoamua kufundisha historia ya vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikizunguka pwani yetu na miji ya migodi, wenzake chuoni walimcheka. "Watu wanafundisha Wagiriki, wewe unatuletea vichekesho vya baa?" Kila Jumamosi alipanda basi hadi Sekondi, na kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga mkobani, kwenda kwa mzee Kwesi Bentsil.

Enzi zile wanawake hawakupanda jukwaani, na Bentsil ndiye aliyekuwa Maame Pokuwa, mke mwenye mdomo, kipenzi cha watu kuanzia Takoradi hadi Obuasi. Araba alimwita Egya, yaani Baba, kama baba yake mzazi. Mzee alimwonyesha mambo ambayo hayakuandikwa popote: jinsi ya kufunga kitambaa kiunoni, jinsi ya kumgeuzia mume mgongo mpaka ukumbi uangue kicheko.

Mwanawe Ato, mchungaji, hakupenda. "Profesa, mwache baba apumzike. Hayo yalishapita."

Lakini Araba alimwomba mzee aje darasani, mara moja tu.

"Mara moja?" Bentsil akamtania. "Mwanangu, Maame Pokuwa haendi mahali mara moja. Akienda, anahamia."

Akaja, na wigi na poda na hereni. Wanafunzi walicheka mpaka machozi. Walipokuwa wakirudi Sekondi, mzee hakunyamaza. "Umewasikia? Wamecheka palepale nilipotaka!"

Kumbe wanafunzi walikuwa wamemrekodi kwa simu. Kufika Jumapili video ilikuwa imeenea, na chini yake matusi: babu mzima anavaa gauni, hana haya. Waumini wa Ato waliiona.

Jumamosi Araba alipobisha, Ato alisimama mlangoni. "Umemfanya baba yangu kichekesho."

"Kuchekesha ndiyo kazi iliyokulea, Mchungaji."

"Nenda, Profesa. Tafadhali."

Kutoka ndani sauti ya mzee iliuliza, "Ato, nani huyo? Ni Araba?" Ato akauvuta mlango nyuma yake. Araba alitaka kuitika, akajizuia. Akaacha kenkey kizingitini, akaondoka.

Alirudi mara kadhaa, hakufunguliwa. Mvua zilikuwa hazijaisha Bentsil alipofariki.

Msibani Araba alikaa nyuma kabisa, amevaa nguo za msiba, nyeusi na nyekundu. Wasifu uliosomwa ulisema marehemu aliuza mabati na alimpenda Mungu. Basi. Bibi mmoja aliyeketi kando yake akamgusa.

"Mabati gani? Mimi nimetoka Tarkwa kumzika Maame Pokuwa. Au nimekosea msiba?"

"Hujakosea, Nana," Araba akasema. Bibi akamshika mkono, hakuuachia mpaka jeneza lilipotolewa.

Muhula uliofuata Araba alifika kwenye kipindi cha wanaume walioigiza wanawake. Aliandika jina la Bentsil ubaoni.

"Si yule babu wa kwenye video?" mwanafunzi mmoja akauliza, na darasa likacheka.

"Ndiye," Araba akasema. Alijaribu kuwaeleza mzee alivyotembea, alivyonyamaza kidogo kabla ya kumjibu mume, lakini maneno yalimtoka yakiwa makavu, na kicheko hakikuja tena. Akawaruhusu watoke mapema. Yeye alibaki ameketi mpaka mfagizi alipoingia na ndoo, akamuuliza kama anaumwa.

Mwisho wa mwaka aliomba kustaafu. Hakuna mwalimu aliyetaka kulichukua somo lake, nalo likafutwa.