Mguu wa Jenerali

Gikonyo alisema "hii ndiyo mbio ya mwisho" kwa mara ya tatu mwaka huo wa 2017, na Évariste, mtunzaji aliyekuwa ameshika kamba ya farasi, akatamani kuitupa kamba chini na kwenda zake.

Gikonyo alikuwa Mkenya, mtu wa benki kule Sandton, na Jumapili akitoka kanisani alipitia mazizi ya uwanja wa mbio wa Turffontein na mfuko wa karoti kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Évariste hasira zaidi. Mtu mbaya unamchukia, yanakwisha. Huyu alimkumbatia farasi wake shingoni, akapiga naye picha, halafu akamwandikisha mbio nyingine.

Farasi mwenyewe aliitwa Jenerali. Enzi zake aliwahi kuwaacha wenzake nyuma hadi watu wakasimama kwenye viti, watu wasiojuana wakikumbatiana. Sasa alikuwa na miaka tisa, na kwa farasi wa mbio huo ni uzee. Alikuwa amehasiwa tangu ujana, hivyo hakuna aliyemhitaji kwa mbegu. Basi akaendelea kukimbizwa, kwa kuwa hakuna aliyejua afanye naye nini kingine.

"Patron," Évariste alisema, "huyu iko muzee. Mangaribi, jua ikizama, ule muguu wa mbele wa kushoto unakuwaka moto. Mi naugusa na mukono yangu."

"Mzee, wacha wasiwasi. Hii farasi inapenda kukimbia, iangalie macho tu."

"Mangaribi, patron. Njo nasema mangaribi."

"Sikiza. Kesho asubuhi daktari anakuja kumpima. Akipata joto kwa huo mguu, hata kidogo, mimi mwenyewe namstaafisha. Naapa mbele ya Mungu. Sawa?"

Évariste akaitikia sawa. Mkufunzi wa farasi alikuwa hapo karibu, lakini yeye hakutaka kugombana na mwenye mali, akajifanya anakagua tandiko.

Kesho yake Évariste alifika kabla ya jua, kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita. Akamtoa Jenerali, akamsimamisha penye bomba, akamfungulia maji ya baridi miguuni mpaka vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi. Akaondoa udongo wa dawa aliompaka jana yake, akamtembeza, akampiga brashi hadi manyoya yakang'aa. Leo daktari anakuja, kwa hiyo alimsugua zaidi ya siku zote.

Daktari akapitisha mkono kwenye kano ya mguu wa kushoto, juu na chini, polepole.

"Baridi kabisa," akasema. "Mguu wa kijana huu."

Évariste akapaza sauti. "Docteur, urudi mangaribi! Urudi tu mangaribi, utaona!"

Daktari akamtazama kwa upole. "Mkono wangu," akasema, "unaandika kilichopo." Gikonyo akacheka, akampiga Évariste begani, akampa karoti moja amlishe mzee mwenzake.

Jumamosi Jenerali akakimbia, na balaa ni kwamba alikimbia vizuri. Akashika nafasi ya tatu. Uwanja mzima ukaliita jina lake, na Gikonyo akatokwa na machozi ya furaha. Alipotokwa na machozi tu, Évariste akajua hakuna kustaafu. Jioni hiyo mguu ulikuwa umevimba na una joto kama chai, na ujumbe wa Gikonyo ukaingia kwenye simu: baada ya wiki mbili, moja tu ya mwisho.

Évariste alifika nyumbani Bellevue akiwa amefura kwa hasira. Walipanga chumba kimoja katika nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba, na mkewe Jeannine, msusi, alikuwa akichambua nywele za bandia kitandani. Akamwacha aseme yote: daktari kipofu, Gikonyo kichwa kigumu, mkufunzi mwoga. Alipomaliza, Jeannine akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao:

"Papa Sagesse, nani anamuogeshaka huyo farasi mbele ya docteur kufika?"

"Ni miye."

"Unamutia maji ya baridi, unamupaka udongo ya kupoza, unamung'arisha. Kisha unalia ati docteur haoni kitu?"

Évariste akainama kuvua viatu.

"Unakumbuka mama yangu, kule Likasi? Tulimuogesha, tukamupaka mafuta, tukamuvalisha kitenge yake, pagne ya Noeli. Hatukutaka batu ba hopitali baseme tunamutunza mubaya. Docteur akamuangalia, akasema huyu mama iko muzuri, murudi naye ku nyumba." Jeannine aliendelea kuchambua nywele. "Juma ile ile tukamuzika."

Wiki mbili zikapita. Asubuhi ya kupimwa, Évariste alifika kabla ya jua na hakufungua maji. Usiku hakuwa amempaka udongo pia. Jenerali akajiendea mwenyewe penye bomba, akanyoosha mguu wa kushoto mbele kama alivyozoea, akangoja. Alipoona hakuna kitu akamsukuma Évariste kwa pua, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Évariste alibana mikono kwapani. Aliona haya, kwanza kwa farasi, halafu kwa wenzake waliopita wakiona mnyama wake ana vumbi na majani mkiani.

Mkono wa daktari ulishuka kwenye kano, ukasimama.

"Moto huu," akasema. "Na si wa leo. Mbio moja zaidi na kano hii inakatika. Basi, huyu amemaliza."

Gikonyo aliinama, akaugusa mguu mwenyewe. Kiapo kilikuwa kiapo. Akapiga simu papo hapo, shamba likapatikana, gari lingekuja mchana. Kisha akamgeukia Évariste.

"Miaka sita huu mguu haujawahi kupatikana na joto. Hata mara moja! Leo nakuja napata farasi chafu, hujaiosha, hujaipaka dawa. Mzee, ni wewe umemaliza Jenerali."

Watunzaji wote walikuwa wamesimama kusikiliza. Mkufunzi akatikisa kichwa, akasema kwamba farasi wengine wote aliowatunza watapewa mtu mwingine.

Maneno yalijaa mdomoni mwa Évariste, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini ukweli huo ungemfikisha wapi? Angesema kwamba mguu ulikuwa mgonjwa siku zote, Gikonyo angeuliza mbona ulikuwa baridi, na jibu lake angelipata wapi kama si kwenye mikono yake mwenyewe?

"Ndiyo, patron," akasema.

Jenerali bado alikuwa amenyoosha mguu penye bomba. Évariste akaenda, akafungua maji.