Mayai ya Siku ya Mawingu

Taa ya betri ilikuwa nyekundu, na barazani kwetu watu walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimetoka Kibondo kwa pikipiki, tope hadi magotini, nikamkuta Badru kinyozi amehamishia kiti chake mlangoni petu, mashine yake inanguruma kichwani mwa mteja. Simu za nusu mtaa zilikuwa zimelala mkekani, nyaya zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Na mama yangu, Esteri, anawagawia viazi!

Sikusalimu. Nilikimbilia chumba cha nyuma, nikaweka kiganja juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa inapoa.

Mwezi ule kideri kilikuwa kimeingia Kasulu, kikafagia kuku wote wa mke wangu, Ndayikunda, kuku wa kuchi ambao mbegu yao aliirithi kwa bibi yake. Yaliyosalia duniani ni mayai yaliyokuwa ndani ya mashine ile, nayo yalikaribia kuanguliwa. Jua lilikuwa limetususa tangu Jumapili, betri inajikongoja. Asubuhi nilipoondoka nilimwambia mama mtu asiguse umeme.

"Mama, umewapa?"

"Ego, nimewapa. Wamekuja kuomba moto, mwana wanje. Kwetu moto haunyimwi. Na aliyepewa kaa hasemi asante, maana kesho jiko litakalozimika ni la aliyempa."

Ndivyo alivyolelewa: alfajiri mtoto anatumwa kwa jirani na kigae, anarudi na kaa jekundu. Ningemweleza vipi kwamba ukigawa kaa jiko lako halipungui, lakini betri hupungua? Nilichomoa nyaya zote kwa hasira. Haikusaidia kitu, betri ilikuwa imekwisha.

Ndayikunda hakugombana na mtu. Alitoka na yai moja, akaliweka sikioni kwa Mwalimu Mwamvua, jirani yetu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, ambaye simu yake ndiyo iliyotangulia mkekani. Ndani ya yai kulikuwa na mtu anagonga.

"Yu hai," Mwamvua akanong'ona. Akalitia yai kifuani, akajifunga kanga juu yake. "Lete jingine."

Basi mayai yakagawanywa kama viazi vya mama. Wanawake waliyatia vifuani, Badru akayaficha ndani ya koti, na mteja wake, kanyolewa nusu kichwa, akakumbatia mawili akiwa amekaa wima kama bwana harusi. Nilicheka mpaka hasira ikanitoka.

Jioni, Mwamvua akiwa anatusimulia mapishi ya kwao, akanyamaza ghafla, macho yamemtoka.

"Jamani, ananitekenya!"

Kifaranga wa kwanza alilia ndani ya kanga, kisha wa pili akajibu kutoka kwenye koti la Badru. Sijapata kusikia furaha kama ile barazani kwetu. Ndayikunda alimwambia kila aliyetotoa aende na kifaranga wake. Mwamvua akafungua mdomo ashukuru, mama akakohoa. Mwalimu akaufunga.

Mwaka jana kideri kilirudi, kikapita bandani kwetu bila kubakisha hata jogoo. Mwamvua alivuka uzio na beseni la mayai ya kuchi, akalitua barazani. Betri ilikuwa imejaa. Nikafungua mdomo.

Mama akakohoa. Nikaufunga, nikaenda kuwasha mashine.