Bakuli la Marlys

Kila neno utakalosoma hapa ni kweli tupu. Naapa kwa masikio ya mbwa wangu wawili, Otto na Tinker, walioshuhudia yote na ambao hadi leo hawajanipinga hadharani. Kwa miaka thelathini na mmoja nilisimamia mizani ya ghala la nafaka huko Minnesota, na mtu wa mizani hana ruhusa ya kuongeza hata punje. Nimestaafu, lakini mkono ni ule ule.

Basi, ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa Septemba nilipoingia kwenye kambi moja kando ya Mto Missouri, upande wa Dakota Kusini, na gari-nyumba letu la futi thelathini. Nasema "letu" kwa mazoea. Marlys, mke wangu, alifariki mwezi wa Februari. Safari hii tulikuwa tumeipanga pamoja kwenye meza ya jikoni, yeye na ramani na kalamu nyekundu, mimi na maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kambi hii aliizungushia duara mara mbili.

Nilipewa nafasi ya kumi na nne, ambayo lazima uiingie kinyumenyume kati ya miti miwili mikubwa. Kwa miaka ishirini na miwili kazi hiyo tuliifanya wawili: mimi kwenye usukani, Marlys nyuma na kofia yake ya rangi ya chungwa. Kofia ikiwa kichwani, endelea. Kofia ikivuliwa, simama. Kofia ikitupwa chini, ujue umeshagonga kitu na leo utalala na mbwa. Katika kambi zote za nchi hii utawaona wanandoa wa rika letu wakihangaika hivyo saa za alasiri, wakipigiana kelele, na majirani wametoa viti nje kutazama, kwa sababu burudani ya bure nzuri kuliko hiyo haipo.

Siku hiyo niliingia peke yangu. Niliingia kwa mkupuo mmoja, laini kama uzi katika tundu la sindano, na Otto akabweka kunipongeza.

Nikakunjua viti viwili, maana viko viwili. Nikakiegemeza kwenye gurudumu kibao chetu cha mbao, ambacho Marlys alikichoma maandishi kwa msumari wa moto: Orval na Marlys Tvedt, pamoja na wenye gari, Otto na Tinker. Nilipoinuka, mwanamke mmoja mwembamba, aliyevaa jaketi la kiume lililomzidi mabega, alikuwa amesimama njiani akikisoma.

"Karibuni, majirani. Naitwa Verna Kostal, niko hapo ng'ambo. Na huyu Marlys yuko wapi, au umemsahau kwenye kituo cha mafuta?"

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Amelala. Kichwa kinamuuma."

"Pole yake," akasema Verna, akawakuna mbwa masikio, akaenda zake.

Pole yake. Nilibaki nimesimama na maneno hayo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike. Kule kwetu, baada ya mazishi, niliandamwa na pole zangu mwenyewe. Nililetewa vyombo kumi na vinne vya viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa, kila kimoja kimebandikwa utepe wa karatasi chini, wenye jina la mwenyewe, ili kirudi kwake. Ndivyo tunavyoomboleza sisi: hatusemi kitu, tunaoka. Nilipoingia dukani, watu walishusha sauti kana kwamba maiti ni mimi. Lakini hapa kando ya mto, kwa mara ya kwanza tangu Februari, Marlys alikuwa anaumwa kichwa tu, na kichwa hupona. Nilitaka siku tatu. Siku tatu awe hai machoni mwa watu wasionijua, kisha Jumatatu tuondoke zetu, mimi na yeye na mbwa, kabla mtu hajashusha sauti.

Uongo, kama gari-nyumba, ukishauwasha unahitaji matunzo kila siku. Niliacha redio ikiimba ndani nilipotoka. Nilizungumza mlangoni kwa sauti ya kusikika nafasi tatu mbele: "Sawa, mpenzi, nitawafunga mbwa! Ndiyo, nimevaa soksi!" Jioni nilibeba sahani mbili kutoka kwenye moto wa pamoja, moja ya kwangu, na ya pili mbwa waliimaliza nyuma ya pazia. Kufikia Jumamosi Tinker alikuwa amenenepa hata mkanda wa shingo ukaomba kuongezwa tundu.

Mlinzi wa kambi alikuwa Duane Huber, mstaafu kama sisi, mwenye tumbo la heshima na ndevu zilizohifadhi makombo ya tangu majira ya kuchipua. Ijumaa, jua likiwa bado juu ya maji, alituketisha kuzunguka moto akatangaza sheria yake.

"Hapa kila mtu anaruhusiwa kudanganya. Lakini atakayenaswa kabla ya chakula cha pamoja cha Jumapili kwisha, ataosha vyombo vya kambi nzima. Mzee wa Minnesota, anza."

Nikawapa kisa cha kambare aliyemeza nanga ya mashua yangu akatuvuta hadi jimbo jirani, mimi na Marlys na kikapu cha mikate, na tulipovuka mpaka Marlys akampa kambare nusu ya mkate kwa usumbufu. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Na mkate ulikuwa wa nini?" akauliza Duane.

"Wa shayiri. Kambare hakuupenda, akatema nanga."

"Muongo wewe! Lakini sina ushahidi." Akafuta machozi. "Marlys akipata nafuu nitamuuliza mwenyewe."

"Muulize," nikasema, na moto mbele yangu ukawa mbali ghafla. Maana kila hadithi niliyowahi kusimulia maishani, Marlys aliketi pembeni akifuma, na nilipozidisha, alisema bila kuinua macho, "Orval, punguza." Nusu ya utamu ilikuwa hapo. Ijumaa ile nilimwongezea kambare futi nne, na hakuna aliyesema nipunguze.

Jumapili asubuhi nilikuwa napika maharagwe ya Marlys, yale ya sukari guru na nyama ya nguruwe, ili niyapeleke kwenye chakula cha pamoja kwa jina lake. Mlango ukagongwa. Verna, na bakuli la supu ya kuku.

"Nimemletea mgonjwa."

"Amelala."

"Tangu Alhamisi? Hata dubu huamka kunywa maji."

Nilisimama nikiziba mlango. Otto na Tinker walipita katikati ya miguu yangu wakamlalia viatuni, wasaliti wale. Verna hakujaribu kuchungulia ndani. Alikitazama kiti cha pili, hakukikalia. Akaketi kwenye ngazi ya gari, nami nikaketi kandoni kwake kwa kukosa la kufanya.

"Nilikuona Alhamisi ukiingia," akasema.

"Kwa mkupuo mmoja."

"Orval. Ulishuka mara saba kuangalia nyuma. Mara ya nane ukagonga meza."

Ndiyo, msomaji. Mara saba, na meza. Na Otto hakuwa anapongeza.

"Basi nikajisemea," akaendelea Verna, "kama kuna mke ndani ya gari lile, hata angeumwa kichwa, hata angevunjika miguu yote miwili, angetambaa na gauni la kulalia aje nyuma kukupigia kelele. Hakuna mke wa ndoa ya miaka arobaini anayelala mumewe akigonga meza. Mlango haukufunguka. Pazia halikutikisika." Akanyoosha kidole ng'ambo ya njia. "Angalia langu lilivyokaa."

Nikaangalia. Gari lake lilikuwa katika nafasi ya kupita moja kwa moja, zile za kuingilia upande huu na kutokea upande ule.

"Mume wangu Leland ana miaka minne ardhini. Tangu hapo sijapiga rivasi hata siku moja. Napiga simu kwanza. Wakiniambia nafasi za kupita zimejaa, naenda mbele. Nimeziruka kambi nzuri, Orval. Alizozipenda yeye, nimeziruka zote."

Maharagwe yalikuwa yanachemka ndani. Nilisikia mfuniko ukicheza.

"Lini?" akauliza.

"Februari."

"Utawaambia?" nikauliza baadaye.

"Mimi si mlinzi wa kambi. Kunywa supu, inapoa."

Adhuhuri tulikuwa watu kumi na tisa kwenye meza zilizounganishwa chini ya miti. Bakuli la Marlys, lile la kauri ya kahawia, lilipita mkono kwa mkono hadi likabaki na mchuzi tu. Duane alilipangusa kwa kipande cha mkate.

"Mkeo ndiye kapika haya? Mwambie nimejipakulia mara tatu. Au mwite, nimwambie mwenyewe."

Nyuso zote zikageukia mlango wa gari langu. Redio ilikuwa ikiimba mle. Ningeweza kusema kichwa kimeanza kumuuma tena. Wangeniamini, na kesho yake ningeondoka naye kama nilivyopanga. Verna alikuwa anaitazama sahani yake. Hakunisaidia wala hakunisaliti.

"Nimepika mimi," nikasema. "Marlys alifariki Februari. Hakuna mtu ndani. Nimenaswa."

Mtu mmoja aliweka uma chini. Nikasubiri sauti zishuke, nikasubiri yale macho. Duane alijifuta ndevu taratibu.

"Na yule kambare?"

"Kambare ni kweli."

"Mkate wa shayiri?"

"Naapa."

Akatikisa kichwa, akavuta pumzi, na sauti yake ilikuwa kubwa kama siku zote. "Sabuni iko chini ya bomba, mzee. Masufuria yangu yameungua, usiyaonee huruma."

Nikalipa. Nilisimama kwenye bomba la kambi alasiri nzima, maji ya moto hadi viwikoni, na Verna akaja na kitambaa bila kuitwa akawa anakausha. Mbwa walilala juani. Sahani, vikombe, masufuria ya Duane, yote yakapita.

La mwisho lilikuwa bakuli la kahawia. Nililigeuza, na chini yake kulikuwa na utepe wa karatasi, umekunjamana pembeni, na mwandiko wake wa wino wa buluu: M. Tvedt. Alikuwa amelibandika kabla hajalipeleka kwa mfiwa fulani, mwaka gani sikumbuki.

Nikaliosha ndani. Nikaliosha ukingo, pole pole, nikilishikilia juu ya maji ili chini pasilowe. Verna alikuwa ameshanyoosha kitambaa, anangoja. Alinitazama, akalitazama bakuli, akakikunja kitambaa mara mbili akakiweka begani.

"Hakuna haraka," akasema.

Nikaendelea kulishika.